Roku Huja Baada ya Go: Maneno ya Kijapani katika Mazoezi ya Karate na Mafunzo Yake kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Katika safari moja ya kukagua mazoezi ya kufundisha nilifika jioni katika shule moja ya msingi iliyo kati ya Masasi na Newala, mahali ambapo barabara imekwisha kuupanda ukingo wa nyanda za juu za Makonde. Masomo ya siku yalikuwa yamekwisha. Chini ya mikorosho iliyo kando ya uwanja walisimama watoto 31 wa darasa la tatu na la nne, safu tatu, miguu mitupu. Mbele yao alisimama mmoja wa walimu wanafunzi wetu, kijana aliyejifunza karate mjini kabla ya kujiunga na chuo, ambaye kwa idhini ya mwalimu mkuu alikuwa akiwafundisha siku mbili kwa juma. Alianzisha hesabu, nao wakaipokea huku wakipiga ngumi hewani: ichi, ni, san, shi, go, roku, shichi, hachi, ku, ju. Sauti ilikuwa moja na mkono ulikuwa mmoja. Sina budi kukiri kwamba nilipendezwa, na kama ningeondoka wakati ule ningaliandika katika daftari langu kwamba watoto wale wamejua kuhesabu kwa Kijapani.

"Mwalimu," nilimwambia, "hebu taja roku peke yake, nao wapige ngumi sita."

"Hilo ni jepesi, Mkufunzi," alinijibu. "Wanaijua yote hadi kumi."

Akataja. Baadhi ya watoto walipiga ngumi moja wakanyamaza. Wengine walitazamana. Msichana mmoja wa safu ya mbele alionekana akitikisa midomo kuanzia ichi, na alipofika roku akasita, kwani alikuwa amelipata neno lakini hakujua alifanyie nini. Nikauliza roku ni ngapi. Kimya. Hatimaye mvulana mmoja alijibu kwa adabu kabisa: "Roku huja baada ya go, Mwalimu."

Jibu lile lilikuwa sahihi, na ndilo lililonipa kichwa cha makala haya. Mtoto alikuwa amejifunza kila alichofundishwa. Alifundishwa mfuatano wa sauti kumi, naye akaushika barabara. Asubuhi iliyofuata niliketi nyuma ya darasa la tatu katika kipindi cha Kiingereza, nikawasikia watoto wale wale wakiimba hesabu ya Kiingereza toka moja hadi kumi kwa furaha ile ile. Nilipoomba mtoto aje mezani achukue vijiti vinane kwa kusikia neno la Kiingereza la nane, yalitokea yale yale ya jioni. Tofauti ilikuwa moja tu, nayo ni kwamba uwanjani kosa lilionekana kwa macho, kwa kuwa mkono ama hupiga ama haupigi, ilhali darasani lilikuwa limefichwa na wimbo kwa muda usiojulikana.

Kwa hiyo nikuombe radhi, ndugu mwanachuo, ikiwa hukutazamia kusoma habari za karate katika jarida la mbinu za kufundishia. Si lazima kila mwalimu afundishe mchezo huo. Lakini maneno yake ni mfano mzuri wa jambo ambalo kila mwalimu wa shule ya msingi atalikabili, yaani kumfundisha mtoto neno la lugha ambayo hakuna mtu kijijini anayeisema.

Huenda ikakushangaza kujua kwamba karate ya leo ilitengenezwa kwa sehemu kubwa na walimu wa shule. Chimbuko lake ni kisiwa cha Okinawa, kusini mwa Japani, ambako kwa muda mrefu ilifundishwa faraghani, mwalimu mmoja kwa wanafunzi wachache. Mwanzoni mwa karne ya 20, Itosu Anko alisaidia kuiingiza katika shule za kisiwa hicho. Kwa kuwa mifuatano ya zamani ilikuwa mirefu na migumu kwa watoto, yeye aliandaa mitano mifupi iitwayo Pinan. Mwanafunzi wake Funakoshi Gichin, aliyezaliwa mwaka 1868, alikuwa mwalimu wa shule kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kwenda Tokyo kuonyesha karate mwaka 1922. Huko alipokelewa na Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, ambaye naye kwa miaka mingi alikuwa mkuu wa chuo cha kufundishia walimu. Kutoka katika judo ya Kano ndiko karate ilikopata vazi lake jeupe na utaratibu wake wa madaraja na mikanda. Hata neno sensei, ambalo vijana wetu hudhani ni cheo cha bingwa wa mapigano, huko Japani ndilo watoto wa shule wanalomwitia mwalimu wao wa hesabu.

Jambo kubwa zaidi kwetu ni hili: maneno yenyewe yalibadilishwa. Funakoshi aliona kwamba majina ya Okinawa, mengi yakiwa na asili ya Kichina, hayakuwa na maana masikioni mwa watu wa Tokyo, akayapa majina ya Kijapani. Pinan ikawa Heian, Naihanchi ikawa Tekki, Kushanku ikawa Kanku. Neno karate lenyewe liliandikwa zamani kwa alama yenye maana ya "mkono wa China". Alama ya "mkono mtupu" ilitumiwa na Hanashiro Chomo mwaka 1905, na wakuu wa mchezo huo walikubaliana juu yake katika mkutano wa Naha mwaka 1936. Basi anayekuambia kwamba neno la karate haliguswi wala halitafsiriwi, mjibu kwamba waliotutangulia walitafsiri.

Hapa kwetu mafunzo ya Goju-ryu, mojawapo ya mikondo ya karate, yalikita mizizi Dar es Salaam katika miaka ya 1970 kwa kazi ya Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mwenye asili ya Afrika, na jina la shule ya Zanaki likaambatana na historia hiyo. Filamu za Bruce Lee nazo zilifanya kazi yake. Tangu hapo vijana wengi wamebeba maneno haya kwenda mikoani, mara nyingi kwa kusikia tu bila kuyaona yameandikwa.

Nasi tuyatazame yanavyokaa katika kinywa cha mtoto wa nyanda za juu. Kwa bahati njema yanakaa vizuri kuliko ya Kiingereza. Kijapani kina irabu tano kama Kiswahili, na silabi zake karibu zote huishia kwa irabu: ka-ra-te, ha-ji-me, ma-wa-shi. Mtoto aliyejua kusoma Kiswahili ataweza kuyasoma mengi bila msaada. Aidha, kuna faraja moja ambayo sijaona ikitajwa. Kimakonde hakina sauti ya r, na watoto wengi wa Newala husahihishwa kila siku wanapoweka l mahali pa r katika Kiswahili. Katika Kijapani herufi hizo mbili hazipambanuliwi. Ipo sauti moja tu, na sikio letu huisikia mara kama r, mara kama l. Mtoto akisema "loku" hakuna neno jingine atakalokuwa amelitaja. Mwalimu amwache.

Taabu iko kwingine, katika maneno ambayo masikio yetu yanayajua tayari kwa maana nyingine. Chukua kata. Kwa Kijapani ni umbo au kielelezo, yaani mfuatano wa mapigo na kinga uliopangwa tangu zamani. Mtoto wa Makote alisikiapo hukumbuka ofisi ya kata, au kata ya kichwani anayobebea mama yake ndoo ya maji, au amri ya kukata. Neno yame ni amri ya kuacha, lakini kwa Mswahili ni nusu ya kitenzi. Niliwaona watoto wakiendelea kupiga ngumi huku wamemtumbulia macho mwalimu, kana kwamba wanamngoja amalize: yame nini, yamefika au yamekwisha? Amri ya kungoja, yaani mate, huwafanya wajipanguse midomo. Kumi, iandikwapo kwa kuvuta irabu yake kama inavyotamkwa, ni juu, na safu nzima huinua mikono. Neno tsuki, yaani pigo la ngumi, lina sauti ya mwanzo tusiyo nayo, hivyo wengi hulitamka "chuki", jambo ambalo halifai kabisa kufundishwa pamoja na ngumi. Hata mwamuzi wa mashindano atangazapo alama moja kwa neno yuko, mtazamaji wa kwetu huuliza ni nani huyo aliyeko.

Haya ni ya kuchekesha, na kicheko kidogo si adui wa somo. Lakini lipo neno moja ambalo halichekeshi. Kinga nyingi katika karate huitwa uke: age-uke ni kinga ya juu, soto-uke ni kinga ya kutoka nje kuja ndani. Hilo kwetu si neno la kutajwa kwa sauti kuu na watoto wa kike na wa kiume uwanjani, huku wazee wanapita njiani. Mwalimu mwanafunzi wetu alilitamka hivyo hivyo kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa, na mzazi mmoja tayari alikuwa amekwenda kulalamika kwa mwalimu mkuu. Nilimshauri aseme "kinga ya juu", "kinga ya nje", basi. Alisita, akidhani atakuwa ameiharibu karate. Nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe husema mkanda mweusi, wala hajawahi kuona mkanda huo ukipungua heshima kwa kutajwa kwa Kiswahili. Watoto wetu husimama mistarini kwa amri za "mguu sawa", "mguu pande" na "nyuma geuka", na gwaride haliharibiki.

Je, basi tutafsiri yote? Sioni hivyo. Waamuzi wa mashindano ya kimataifa hutumia amri za Kijapani kwa washindani wa kila taifa, na ndivyo ilivyokuwa karate ilipochezwa katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021. Mtoto atakayeendelea na mchezo atahitaji hajime, yame na rei popote aendapo. Haya ni machache, ni mafupi, na kila moja lina tendo lake: anza, acha, inama kwa heshima. Yabaki. Yale yanayogongana na lugha yetu vibaya yangoje mpaka mwanafunzi awe mtu mzima. Kipimo changu ni kama neno litamsaidia mtoto kutenda kesho. Uzuri wa sauti yake masikioni mwa mgeni hauingii katika hesabu hiyo.

Sasa nirudi kwenye roku, kwani hapo ndipo penye kazi ya mwalimu.

Mwaka 1965 Shirou Kunihira na James Asher walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya Marekani kwa lugha hii hii ya Kijapani. Wanafunzi walisikia amri kwa Kijapani, nao wakazitii kwa mwili mara moja pamoja na mwalimu: simama, keti, tembea, geuka. Hawakupewa tafsiri wala hawakutakiwa kusema neno. Waliotenda walizikumbuka amri kuliko waliokaa wakitazama, na hasa amri ndefu zilizounganishwa upya. Asher aliendeleza mbinu hiyo kwa miaka mingi. Ukifikiri vizuri utaona kwamba mwalimu wa karate hufanya hivyo bila kusoma kitabu chochote: hutaja neno, hutenda, nao hutenda. Wala si jambo geni huku kwetu, kwani mtoto aliyekua akitazama sindimba anajua kwamba ngoma ikibadilika mguu hubadilika, na hakuna anayesimama kumtafsiria.

Kwa nini basi roku ilishindwa? Kwa sababu katika hesabu ile neno halikuwa amri. Kila neno kati ya yale kumi lilidai tendo moja lile lile, yaani ngumi moja. Mtoto angeweza kuitikia sauti yoyote kumi na asionekane amekosea. Neno lisiloleta tofauti yoyote katika tendo halina sababu ya kushikwa maana yake, na akili ya mtoto haifanyi kazi isiyotakiwa. Ndivyo ilivyo pia darasani tunapoelekeza fimbo kwenye namba ubaoni, kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho, kila siku kwa utaratibu ule ule.

Usiku ule tuliketi na taa tukaandaa upya andalio la somo. Tulianza na ichi, ni na san pekee. Mwalimu hutaja moja kati ya hayo, nje ya mfuatano, nao hupiga ngumi kwa idadi hiyo, kisha hunyamaza. Mtoto anayepiga ngumi moja zaidi hujulikana papo hapo, wala hahitaji kuaibishwa, kwa kuwa mkono wake mwenyewe umemwambia. Siku ya pili zikaongezwa shi na go. Hapo niliona tuwe waangalifu, kwa maana ichi, shichi na hachi zina mwisho mmoja, na shi imo ndani ya shichi. Vitu vinavyofanana visifundishwe siku moja. Tuliitenga shichi mpaka mwisho kabisa, baada ya hachi na ku kuwa imara, ingawa hilo lilimkera kijana wetu aliyependa mambo yaende kwa zamu yake.

Kwenye sita tuligundua msaada ambao hatukuutafuta. Kimakonde na Kiyao, katika hesabu yake ya asili, huhesabu kwa mafungu ya tano: sita ni "tano na moja", saba ni "tano na mbili". Kiswahili kimeazima sita, saba na tisa kutoka Kiarabu, nacho Kijapani kina jina la pekee kwa kila namba hadi kumi. Mtoto aliyelelewa na bibi yake anaweza kuwa na picha ya sita iliyo tofauti na ya mwalimu. Basi roku ikafundishwa kwa ngumi tano za mkono wa kulia na moja ya kushoto, na shichi ikafuata njia hiyo hiyo ilipowadia. Baada ya kumi mambo ni rahisi, maana Kijapani husema "kumi moja", "kumi mbili", na ishirini ni "mbili kumi", mpango ulio wazi kuliko ishirini yetu na thelathini yetu.

Mapigo ya miguu yalikwenda haraka zaidi, kwa sababu maneno yake hujengwa kwa vipande. Mae ni mbele, yoko ni ubavuni, ushiro ni nyuma, mawashi ni kuzunguka. Teke ni keri, na likitanguliwa na neno jingine hugeuka geri, kama vile kwetu ulimi unavyogeuka ndimi na urefu ukawa kitu kirefu au fimbo ndefu. Ongeza jodan, chudan na gedan, yaani juu, kati na chini. Maneno 8 yanazaa amri 12. Faida yake ni kwamba mwalimu aweza kutoa amri ambayo watoto hawajawahi kuisikia, na wakiitenda sawa atajua kwamba wanaelewa vipande na si kukariri kizima. Jaribu hilo katika Kiingereza kwa rangi tatu na vitu vinne vya darasani, utaona. Ila angalia mpangilio: Kijapani, kama Kiingereza, hutanguliza sifa, ilhali Kiswahili hutanguliza jina. Mae-geri ni "mbele teke". Usiwape kanuni hiyo kwa maneno. Sikio litaizoea.

Sikuzuia wimbo wa hesabu. Unachangamsha mwili na kuhifadhi mfuatano, na watoto wanaupenda. Nilichoomba ni kwamba kila siku, baada ya wimbo, neno moja litolewe katika safu lisimame peke yake.

Nilirudi baada ya majuma matatu. Sikwenda uwanjani, nilikwenda moja kwa moja kwenye kipindi cha Kiingereza cha darasa la tatu. Kijana wetu alikuwa amegawa korosho mbichi za maganda, kila dawati na fungu lake, akitaja namba za Kiingereza bila mfuatano. Alipotaja sita, yule msichana wa safu ya mbele alipanga korosho tano mstari mmoja, kisha akaweka moja kando, mbali kidogo na zenzake. Nilimwuliza kwa nini hakuziweka zote pamoja. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi.

"Ndivyo bibi anavyohesabu, Mwalimu," akasema, akaweka mkono juu ya ile ya sita ili mwenzake asiichukue.